Jina Zuri kwenye Karatasi ya Kura

Saa kumi na moja jioni, siku ya Ijumaa, kwaya ilikuwa imeketi kwenye mabenchi ya kanisa na hakuna aliyekuwa akiimba. Kila mtu alikuwa na kipande cha karatasi na penseli. Kwenye ubao wa kuandikia namba za nyimbo, msichana wa darasa la sita aliandika kwa chaki, herufi kubwakubwa: YESU NI MFALME.

Shuleni walimwita Chapa, kwa kuwa mwandiko wake ulifanana na maandishi ya kitabu. Baba yake, seremala ambaye pia alikuwa mwalimu wa kwaya, alisimama kando ya ubao akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nywele.

"Tazameni hiyo S," alisema. "Nyie mnaiandika kama nyoka aliyekanyagwa."

"Mwalimu, yangu imegeukia nyuma," alisema muuza kuku, mwimbaji wa sauti ya kwanza. "Bwana atanielewa kweli?"

"Kama anakuelewa unavyoimba, na hiyo ataielewa."

Watu walicheka, kisha wakainama tena. Kesho yake mtaa ulikuwa unachagua mwenyekiti, na kwaya ilikuwa imekubaliana kwamba haitamchagua mtu yeyote. Kila mmoja angeingia kituoni, angechukua karatasi yake ya kura, na badala ya kuweka alama ya vema angeandika maneno yale matatu.

Wagombea walikuwa wawili. Mwenyekiti aliyekuwa madarakani alitangaza waziwazi kwamba akishinda, jengo la mtaa atalikodisha kwa mfanyabiashara wa vinywaji. Jengo hilo lilikuwa na vyumba viwili, na vyote viwili vilikuwa zahanati. Mpinzani wake alikuwa Mkunga, mama mstaafu aliyeisimamia zahanati hiyo, na alikuwa akigombea ili isifungwe. Mdogo wake Chapa, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa na pumu. Kifua kilipombana, alipelekwa pale mbio akavutishwa dawa kwa mashine ya mvuke. Mashine nyingine ilikuwa hospitali kubwa, ng'ambo ya daraja.

Usiku huohuo mama yake Chapa aliuliza kuhusu mpango huo wakati wa kula.

"Mkunga amekukosea nini, baba Chapa?"

"Hajanikosea. Ni mtu mwema. Hata yule wa sasa alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa. Nilimtengenezea jukwaa kwa mikono yangu. Kwaya ikamwimbia mpaka sauti zikakauka. Akaahidi mfereji wa kuondoa maji ya mvua pale shuleni. Uko wapi? Mvua ikinyesha, watoto wanakalia madawati miguu juu. Ukimpa mtu kura yako, umempa jina lako akatembee nalo anakotaka. Mimi langu nimelirudisha kwa Mungu."

"Mtoto wako anapumua kwa mashine ya zahanati ile."

"Mtoto wangu anapumua kwa pumzi ya Mungu."

"Na juzi Mungu aliipitishia wapi hiyo pumzi, kama si kwenye mashine?"

Baba aliinuka. Aliosha mikono akatoka nje. Chapa alikaa akitazama sahani yake. Wiki mbili kabla, mwalimu wa uraia alikuwa amewaeleza darasani kwamba karatasi ya kura iliyoandikwa maneno haihesabiwi kwa mgombea yeyote. Huwekwa kando na kuitwa kura iliyoharibika. Chapa alilikumbuka somo hilo tangu aliposhika chaki pale kanisani. Hakulisema. Watu wazima wote walikuwa wakiusifu mwandiko wake, na hakutaka wafute ubao.

Upigaji kura ulikwisha Jumamosi alasiri, na kura zikahesabiwa palepale, katika darasa la kwanza. Waliopenda walisimama nje ya madirisha. Msimamizi wa kituo, kijana aliyevaa miwani, aliinua karatasi mojamoja, akaionyesha kwa mawakala wa pande zote mbili, akasoma.

"Mwenyekiti. Mkunga. Mkunga. Mwenyekiti." Kisha akaisogeza karatasi karibu na macho. "Yesu ni Mfalme. Imeharibika."

"Amina!" aliitikia muuza kuku dirishani, na wanakwaya wakapiga makofi.

Ya pili ilipotoka, wakaitikia tena. Ya tatu ikapata Amina moja tu. Baada ya hapo hawakuitikia, kwa sababu kila mtu aliona rundo la Mwenyekiti na rundo la Mkunga yakikua pamoja, na pembeni rundo la tatu likikua bila mwenyewe. Chapa aliona S zake zikipita mikononi mwa msimamizi, nyingine zimegeukia nyuma.

"Imeharibika. Imeharibika. Mwenyekiti. Imeharibika."

Mkunga alishindwa kwa kura ishirini na mbili. Kura zilizoharibika zilikuwa arobaini na moja. Haiwezekani kujua kama wote arobaini na mmoja wangemchagua yeye. Inajulikana tu kwamba hakuna aliyeiba kura siku hiyo. Mawakala wote walitia sahihi, na hata baba yake Chapa, aliyekuwa amejiandaa kulalamika, hakupata la kulalamikia.

Zahanati ilifungwa kabla mwezi haujaisha. Mashine, mizani na vitanda vilipakiwa kwenye gari la hospitali kubwa. Mkunga alifagia vyumba vyote viwili, akakabidhi funguo. Makreti ya soda yalianza kuingia siku hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata, wakati familia ikijiandaa kwenda ibadani, kifua cha mdogo wake Chapa kilibana. Mabega yalipanda, na kila pumzi ilitoka ikipiga mluzi. Dawa ya kupuliza waliyokuwa nayo haikusaidia. Baba alimkimbilia Mkunga nyumbani kwake. Alimkuta ameshavaa nguo za kanisani.

"Mkalishe wima, usimlaze," Mkunga alisema alipofika. "Tafuta pikipiki, haraka. Mbili."

Mkunga alipanda ya kwanza akiwa amempakata mtoto, na mama nyuma yake. Baba na Chapa walifuata. Darajani palikuwa na lori lililoharibika, na walilipita kwa shida. Walipofika hospitali midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Muuguzi alimchukua mikononi mwa Mkunga, akaingia naye ndani pamoja na mama, na mlango ukafungwa.

Wengine watatu walikaa kwenye benchi la saruji.

"Nilijua," Chapa alisema ghafla, akilia. "Mwalimu alitufundisha kwamba haitahesabiwa. Nilijua, nikaandika tu."

Baba alimtazama. "Hata kama ungesema, ningekunyamazisha."

"Ungemnyamazisha, lakini angekuwa amesema," Mkunga alijibu. Alikunja kitambaa chake cha kichwa na kukikunjua. "Mwanangu, ukijua jambo ambalo wakubwa hawalijui, liseme kwa adabu, lakini liseme. Sifa za mwandiko hazimpi mtu pumzi."

Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, mwalimu wangu wa kwaya. Mimi naliamini jina hilo kama wewe. Nimelitaja kila nilipopokea mtoto. Ila sikuwahi kulitaja mikono ikiwa mfukoni. Mliandika jina zuri mahali ambapo mliulizwa swali jingine. Mliulizwa nani atunze jengo. Mungu hakuulizwa, aliyeulizwa ni wewe."

"Nilikuwa nimechoka, mama. Kudanganywa kunachosha."

"Najua. Hata mimi ningeweza kukudanganya, sikatai. Lakini hukunijaribu. Aliyekuchosha ndiye uliyemwachia kiti."

Baba aliinamisha kichwa. "Sasa nifanye nini?"

"Kuhusu kura, huna la kufanya mpaka miaka mitano ipite. Mtaenda kwenye mikutano ya mtaa na kuidai zahanati, na huenda msisikilizwe. Mtaidai tena. Sina jibu tamu la kukupa."

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alitoka akivua glavu.

"Anapumua mwenyewe," alisema. "Tutakaa naye mpaka kesho. Mngechelewa kidogo tu, ningekuwa nawaambia maneno mengine."

Aliwaruhusu waingie mmoja mmoja. Baba aliingia kwanza.