Konokono wa Mleta Barua

Mkesha wa sikukuu ya Tanabata, mji wa Sendai, Japani, hauna pa kukanyaga. Mapambo ya karatasi huning'inizwa juu ya barabara ya maduka mpaka yanawapapasa watu nyusoni, na watu wenyewe husimama katikati ya njia, midomo wazi, kama hawana kwao. Mwaka ule joto la Agosti lilikuwa limekaba. Kazue Tsuneoka hakuwa na habari na mapambo. Aliyapangua kwa kiwiko kama mtu anayepita kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, blauzi yake nyeupe ina doa la wino kwenye pindo la mkono, akapanda hadi ghorofa ya tatu ya duka la vifaa vya kuandikia. Alifuata karatasi moja ya herufi.

Siku hizo mswada wa kisayansi ulitengenezwa kwa vidole. Mchoro uliuchora kwa kalamu ya wino, nukta baada ya nukta, na maneno ya kwenye mchoro uliyabandika herufi moja moja, ukiisugua kila moja kutoka kwenye karatasi ya plastiki mpaka inase. Majarida ya Ulaya yalikuwa na masharti kama ya mganga: umbo hili la herufi, kimo hiki, nafasi hii pembeni. Ukikosea, kifurushi kinarudi na hakuna aliyekisoma. Na herufi iliyowahi kuisha, katika kila karatasi, ilikuwa e.

Drooni mlikuwa na karatasi moja tu. Kazue alipoivuta, ikagoma. Upande wa pili ilikuwa imeshikwa na kijana mrefu mwenye yukata, joho jepesi la buluu la sikukuu, na kandambili za mbao, nywele zimesimama kama aliyeamshwa kwa fujo.

"Samahani, kaka. Hiyo nimeishika mimi."

"Umeishika upande wa z, dada. Mimi nimeshika upande wa a."

"Kwani inauzwa kwa pande?"

"Wewe unaandika juu ya nini?"

"Konokono."

Kijana akacheka. Kazue akamkazia macho. "Na wewe mwenye kucheka?"

"Nyufa. Namna chuma kinavyopasuka."

"Basi bora konokono. Yeye angalau anakwenda mahali."

Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, aliwaambia wacheze jiwe, karatasi, mkasi, wamwachie njia. Wakacheza pale pale kaunta. Kijana akatoa karatasi. Kazue akatoa mkasi.

"Mtu wa vyuma, unatoa karatasi?"

"Nilidhani mtu wa konokono atatoa jiwe," alisema kijana, akainama kwa adabu. "Hidaka Noboru. Nimeshindwa kihalali. Lakini nina mchoro mmoja tu umebaki, dada. Unanihurumia?"

Wakapatana. Karatasi ikae kwa Kazue, na Noboru akihitaji herufi, aje maabara yake kuisugua hapo hapo. "Na usije mikono mitupu," Kazue alimwambia, akiteremka ngazi bila kugeuka, ili asionekane anatabasamu.

Noboru alikuja na mochi za zunda, vitumbua vya mchele vyenye maharage yaliyopondwa, kijani kama majani machanga. Mara ya pili alikuja na njugu za chestinati za kuoka. Vuli ilipoingia alikuwa anakuja kusugua nukta. Nukta! Kitu ambacho mtu yeyote angeweka kwa ncha ya kalamu.

"Mchoro wako mmoja huu hauishi?" Kazue aliuliza.

"Chuma kinapasuka polepole, Bibi Tsuneoka."

"Mwongo mkubwa. Kaa basi, nishikie rula."

Simu ya sarafu, ya rangi ya waridi, ilikaa chini ya ngazi, kwenye nyumba aliyopanga Kazue. Mama mwenye nyumba hakuwa na siri. "Tsuneoka! Simu! Ni yule bwana wa vyuma!" Milango yote ya ghorofa ya juu ikafunguka, wasichana wakakohoa kwa mpigo.

"Wanacheka tena?" Noboru aliuliza kwenye waya.

"Wanakuita Bwana Kutu."

"Na wewe unaniitaje?"

"Sikuiti. Unakuja bila kuitwa."

"Kazue." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake la nyumbani, peke yake. Sarafu ikaanguka ndani ya simu. "Nimesema vibaya?"

"Rudia, nisikie kama ni vibaya."

Siku moja ya mvua, akiwa anachora kombe la konokono kwa nukta, Kazue alimweleza kwa nini kazi ile haikuwa kazi tu. Baba yake, Tsuneoka Genzo, alikuwa mleta barua katika vijiji vya milimani, upande wa Tsuruoka. Maisha yake yote alibeba majina ya watu begani. Njiani aliokota konokono, akawaosha, akawapanga kwenye visanduku vya kiberiti, na kila kisanduku akakiandika bonde na mwezi. Konokono mmoja, mdogo, wa kujipinda kushoto, hakuwa kwenye kitabu chochote. Akaja profesa kutoka chuo cha mbali, akanywa chai yao, akasifu kachumbari ya mama, akaondoka na visanduku arobaini. Baadaye makala ikatoka. Jina la profesa lilikuwepo, la mke wa profesa aliyechora ramani lilikuwepo, hata la hoteli aliyolala lilikuwepo. La mleta barua, hakuna. Si juu, si chini, si kwenye shukrani.

"Baba alisemaje?"

"Alisema profesa ana mambo mengi, amesahau." Kazue akachovya kalamu. "Mimi sisahau. Huyu wa kushoto profesa hakumwona, alibaki mfukoni mwa koti la kazi. Nitamwandika mimi. Na juu ya ukurasa patasomeka Tsuneoka. Baba ameshakufa, mimi ni mtoto pekee. Nikishindwa, hakuna mwingine."

"Itasomeka," alisema Noboru. Na alimaanisha.

Yeye ndiye aliyemsaidia kusafisha picha kwenye chumba cha giza. Mara ya kwanza aliweka filamu upande usio wake, na konokono akatoka anajipinda kulia.

"Noboru! Umemgeuza baba yangu!"

"Taa nyekundu ile, mpenzi, sioni kitu."

"Mwanamume anayegeuza vitu vya watu gizani. Nimejipatia."

Wakacheka mpaka wakamwaga dawa. Herufi za e ziliisha wiki ile ile. Kazue alibandika c, kisha akavuta kistari katikati kwa kalamu nyembamba kuliko zote, Noboru amezuia pumzi kando yake asije akatikisa meza. Ukiitazama makala hiyo leo, mchoro wa pili, utaziona hizo e mbili. Zina tumbo kubwa kidogo.

Theluji ilipoanguka mswada ulikuwa tayari: nakala tatu, mistari imeachana kama wanavyotaka wazungu, maelezo ya michoro kwenye ukurasa wake. Ukurasa wa kwanza tu ulikuwa na kosa kwenye anwani ya chuo. Hapo ndipo simu ilipokuja kwamba mama yake ameteleza uani na kuvunjika nyonga.

"Nenda," Noboru alimwambia kituoni, akimfunga skafu yake mwenyewe, ile ya kahawia yenye harufu ya mafuta ya mashine. "Ukurasa mmoja si kitu. Naupiga chapa, napeleka posta. Mpikie mama uji."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloudhi. Watu wabaya tungewakamata zamani. Nchi ile ina sheria, na ninapoandika haya haijafutwa, kwamba wanaooana lazima wawe na jina moja la ukoo. Haisemi jina la nani. Haina haja ya kusema. Karibu kila harusi anayefutwa ni mwanamke, na ukumbi mzima unapiga makofi. Mwanamke mwenye makala tano kwa jina moja anaamka asubuhi hana hata moja. Noboru alikulia ndani ya sheria hiyo kama samaki ndani ya maji. Alikaa mbele ya mashine, moyo umejaa, akataka kumposa mpenzi wake kwa namna ambayo hakuna mtu amewahi kuposa. Mahali pa mwandishi akapiga chapa jina la ukoo wake yeye: Kazue Hidaka. Akafunga bahasha, akaipeleka Uingereza. Nakala akaituma Tsuruoka.

"Fungua ukiwa umekaa," alimwambia kwa simu, sauti inacheka.

Alifungua akiwa amekaa, jikoni kwa mama, chungwa limemenywa nusu. Kisha alipiga simu.

"Hidaka ni nani?"

"Kazue, ni mimi. Nilitaka... ni posa, mpenzi. Nakuposa. Nilidhani utacheka, halafu utalia, halafu utasema ndiyo."

"Nimelia."

"Basi..."

"Konokono ulimgeuza kwa bahati mbaya. Mimi umenigeuza makusudi."

"Lakini tukioana ndivyo litakavyokuwa! Ni mambo ya kawaida, kila mtu..."

"Yule profesa naye alifanya mambo ya kawaida."

"Usinifananishe na yule!"

"Yeye hakuniita mpenzi. Hapo tu ndipo mlipopishana. Kwa nini hukuniuliza? Ulikuwa na simu. Ulikuwa na mdomo."

Upande wa pili Noboru alisikia mama wa Kazue akiuliza nani huyo, na Kazue akisema, "Amekosea namba."

Kazue aliwaandikia wahariri wa jarida siku hiyo hiyo, akaambatanisha ukurasa sahihi. Mwezi ukapita bila neno. Kisha likaja jibu kutoka kwa bibi mmoja wa ofisi yao, mwenye heshima na mashaka: wamepokea, ila wangependa kujua, kabla hawajabadilisha, Hidaka ni nani? Kazue alijibu kwa mstari mmoja. Ni mtu aliyepiga chapa.

Makala ilitoka kiangazi kilichofuata, siku za Tanabata, mji umejaa mapambo yale yale. Juu ya ukurasa palisomeka Tsuneoka. Alichukua treni mpaka kaburini kwa baba, akaiweka pale, akaiwekea jiwe juu isipeperuke. Alitegemea furaha kubwa. Ilikuja ya wastani, na kando yake nafasi ya mtu mmoja iliyo tupu.

Noboru alikuwa ameshaondoka, maabara ya kiwanda upande wa Kobe. Miaka ikaenda. Mashine za kompyuta zikaja, ukawa unabonyeza na herufi zinajipanga zenyewe, e nyingi upendavyo. Kazue akaajiriwa jumba la makumbusho pale pale Sendai. Wasichana wa kazini walimshangaa kwa kuweka kwenye droo karatasi ya plastiki iliyopauka, imebaki herufi kiasi.

"Hii ya nini, dada Tsuneoka?"

"Ya kukumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Harufu ya wino. Na ujinga."

Wakati mwingine alinusa skafu ya kahawia pia, lakini hilo halikuwahusu.

Huko Kobe, Noboru alikuwa akitafuta makala ya vyuma kwenye maktaba alipokutana na jarida la konokono kwenye rafu ambayo siyo yake. Alilisoma lote amesimama. Mwishoni, kwenye shukrani, palikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza: konokono waliokotwa na Tsuneoka Genzo, mleta barua. Ya pili: mswada ulipigwa chapa na N. Hidaka.

Alizisoma mpaka mkutubi akamuuliza kama anaumwa. Kazue, aliyefutwa naye juu ya ukurasa, hakumfuta hata chini. Ndipo alipoelewa alichokuwa amefanya.

Simu ya makumbusho ililia mkesha wa Tanabata.

"Ni mimi," alisema. "Mtu aliyepiga chapa."

Kazue akaweka kalamu chini.

"Kazue? Bibi Tsuneoka?"

"Unataka nini, Bwana Kutu?"

"Nina swali. Nilipaswa kuliuliza kabla ya kugusa ile mashine."

"Uko wapi?"

"Ghorofa ya tatu, pale tulipogombea karatasi. Siku hizi wanauza michezo ya televisheni."

Kazue alikwenda na gauni la kazi, vumbi la makombe kwenye mikono, akiwapangua watu na mapambo. Noboru alikuwa kaunta, suti ya kijivu imekunjamana kwa safari, mvi mbili tatu. Hakuinama. Alisimama kama mtu anayesubiri kuhukumiwa.

"Uliza."

"Unanitaka? Na kama unanitaka, tutaitwaje? Nichukue Tsuneoka mimi. Nimeshafikiria, sheria inaruhusu. Mama yangu atalia, atanyamaza."

"Makala zako za nyufa zimeandikwa jina gani?"

"Hidaka."

"Zote?"

"Zote."

"Basi kaa na jina lako, mjinga wewe. Sikukaa miaka yote hii nikimlilia baba ili nije nimfute baba wa mtu mwingine."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo. Umechelewa, umekonda, na ni ndiyo."

Ofisi ya kata haikuwa na shairi. Karani aliirudisha fomu. "Mchague jina moja."

"Tusipochagua?" aliuliza Kazue.

"Basi kwenye vitabu hamjaoana."

"Vitabu vyenu," alisema Kazue, akamshika Noboru mkono mbele ya karani, mbele ya foleni, akatoka naye kwenda kula ulimi wa ng'ombe wa kuchoma. Vitabu vile havikuwahi kuwaozesha. Noboru alipolazwa hospitali, Kazue alisimamishwa mlangoni kama jirani. Sheria ile imeua usingizi wa watu wengi, na walioitunga wanalala vizuri. Lakini Kazue na Noboru hawakusaini.

Nyumba yao ilikuwa na mlango mmoja na kibao kimoja. Kazue alileta ile karatasi iliyopauka, wakakaa sakafuni, wakasugua herufi moja moja. Hidaka ikatimia. Tsuneoka ikafika katikati ikakwama.

"Hakuna e," alisema Noboru.

"Tangu lini ilikuwepo? Weka c. Zuia pumzi."

Akazuia pumzi. Kazue akavuta kistari.

Asubuhi alikuja kijana wa posta, mgeni wa mtaa ule, begi begani. Alisimama mbele ya kibao, akakikaribia, akayasoma majina yote mawili kwa sauti, polepole, kama anayejifunza.

"Hidaka. Tsuneoka." Akagonga. "Samahani, ni nyumba ya nani hii?"

"Hivyo hivyo ulivyosoma," Kazue alijibu kutoka jikoni. "Rudia tena, tafadhali, la pili."