Hukumu Aliyoagiza Profesa

Rafiki yangu ni mkutubi wa kitivo cha sheria. Profesa mmoja mzee, aliyezoea kumwita "mwanangu" na kulamba kidole kila alipofunua ukurasa, alimwagiza hukumu ya zamani akiwa kitandani hospitalini. "Niletee hata nikiwa hoi," alimsihi. Akaisaka wiki tatu. Alipoipata ndani ya kitabu kimoja kwenye stoo ya chini ya maktaba, mzee alikuwa ameshazikwa jana yake.

Alikiweka kitabu mezani bila kukifungua, akalia kwa kwikwi. Mara umeme ukakatika. Katika giza totoro akasikia kurasa zikifunuliwa, moja moja, polepole.

"Profesa?" aliita. "Nisamehe, baba, nimechelewa."

Sauti ya kurasa ikakoma.

Taa zilipowaka, chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Kitabu kilikuwa wazi kwenye hukumu ile, na pembe ya ukurasa ilikuwa imelowa mate.