Aliyelala Usingizi Wangu

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipoingia hospitali, amenuna, mdogo wake akimfuata nyuma kama anayeburutwa.

Mtaani walimwita Popo, kwa kuwa usiku taa yake haikuzimwa. Tangu utotoni hakuujua usingizi. Kila alfajiri aliiba lepe moja la usingizi, basi. Mumewe aliondoka akisema hawezi kulala na mtu anayemkodolea macho gizani. Madaktari nao walimwambia apunguze mawazo.

"Mawazo yangekuwa nguo, ningeshayavua," alimwambia daktari mtafiti, mwanamke aliyekuwa akiwakusanya watu wasiolala na kuwapiga picha za ubongo.

"Leo ubongo wako utasema wenyewe," daktari akamjibu.

"Useme kweli. Nimechoka kuitwa mwongo."

Mdogo wake akamvuta mkono. "Dada, turudi. Mama amekataza tusije huku."

"Mama anajua nini habari za ubongo? Kaa hapo."

Akamwacha kwenye benchi la korido.

Mpiga picha alikuwa baba wa makamo mwenye masihara. "Vua hereni, bangili, kila chenye chuma. Na ukilala usikorome, mashine hii ina wivu."

Kitanda kikateleza hadi ndani ya tundu jembamba. Mashine ikaanza kugonga. Ngo! Ngo! Ngo! Mpaka meno yakamtetemeka. Kisha ikanyamaza.

Na katika kimya kile... mtu alikoroma.

Taratibu. Karibu. Kama waliolalia mto mmoja.

Harufu ya matandiko yasiyoanikwa miaka ikampanda puani.

"Mama," sauti ya mpiga picha ikamjia masikioni, masihara yote yamemwisha. "Umelala?"

"Niko macho."

"Picha inaonyesha umelala fofofo."

"Nakwambia niko macho! Kwani anayekujibu ni maiti?"

Sauti ikarudi, kwa mnong'ono:

"Sasa... nani anakoroma humo?"

Mwingine angepiga mayowe atolewe. Yeye alipandwa na hasira. Akakumbuka sindano zilizomtoboa vidole kwa macho mazito, ndoa iliyovunjika, kejeli za majirani. Kumbe usingizi wake ulikuwapo! Ulikuwapo siku zote, na kuna aliyekuwa akiulala.

"Amka!" alifoka. "Mwizi mkubwa we! Amka unirudishie changu!"

Mkoromo ukakatika.

Kitu kikajinyoosha kando yake. Akasikia viungo vikilia, ko... ko... ko. Pumzi ya moto ikampitia shavuni, ikashuka tumboni, ikaishia miguuni.

Kule korido, mdogo wake akapiga ukelele.

Fundi alipotolewa mashineni wakakimbilia huko, walimkuta mdogo wake sakafuni, chali, mikono ikisukuma hewa juu ya kifua chake. "Kitoeni! Kinanikalia!" Hapakuwa na kitu. Lakini daktari na mpiga picha walipomwinua alikuwa mzito kama watu wawili.

Fundi akampigia mama yao simu, ukelele wa mdogo wake ukisikika nyuma. Hata salamu hazikuwapo.

"Umekiamsha," mama alisema.

"Kitu gani, mama?"

"Mdogo wako alipokuwa mchanga, kila usiku kilimkalia kifuani. Alikuwa ananifia mikononi. Mganga akasema kitu kile hakifukuziki, labda kilazwe. Na hakina usingizi wake chenyewe, mpaka kipewe wa mtu. Nilikuwa nanyi wawili tu, mwanangu."

"Ukanitoa mimi."

"Wewe ulikuwa na nguvu..."

"Ungeniuliza!" Sauti yake ikajaa korido nzima. "Nilipopata akili ungeniambia! Ningeutoa mwenyewe kwa ajili yake, mama, kwa moyo mweupe! Umeniacha naitwa mwongo, naitwa kichaa, na wewe unajua!"

Mama alikuwa analia. Fundi akakata simu.

Daktari alisema mashine ilipata hitilafu, na zile picha hakumwonyesha mtu. Mpiga picha aliomba kuhamishiwa kitengo kingine. Mganga alishakufa zamani, na mama hakufundishwa maneno ya kukilaza.

Sasa fundi analala. Hataki, maana akilala yeye, kitu kile huwa macho; lakini analala. Hujimwagia maji ya baridi, hujichoma mapaja kwa sindano, huenda huku na huku chumbani. Wapi! Usingizi humwangusha kama gunia. Na kila akiamka humkuta mdogo wake amepungua zaidi, midomo imegeuka rangi, kifuani michubuko mipya.

Jana jioni aliketi kitandani kwa mgonjwa, akampakata kichwa. Mama alibisha hodi. Hakumfungulia.

"Dada..." mdogo wake alinong'ona. "Usilale."

"Silali."

"Unasinzia, dada. Kimeshafika mlangoni."

"Nimesema silali!" alifoka, kope zikijifunga.