Unywele wa Kiganjani

Harufu ilianza saluni saa nne asubuhi, mashine ya kuondolea nywele ikiwa bado haijawashwa. Harufu ya nywele zilizoungua. Fundi alifungua dirisha, akabadili shuka la kiti cha wateja, akapangusa kila kitu upya. Haikutoka.

"Unaisikia?" alimuuliza dada wa mapokezi.

"Nasikia sabuni ya sakafu tu, Fundi. Una mimba nini?"

Fundi hakucheka.

Wiki tatu nyuma, mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikuja kuondolewa ndevu zilizomtesa kidevuni tangu usichana. Harusi yake ilikuwa imebaki miezi miwili. Fundi alimweleza kama alivyowaeleza wateja wote: mwanga wa leza hufuata rangi nyeusi iliyomo kwenye unywele, ukageuka joto, ukaunguza mzizi. Lakini huziweza tu nywele zinazokua wakati huo. Nyingine zimelala, ndiyo maana mtu hurudi mara sita hata nane, na ambaye homoni zake zimevurugika huenda akarudi zaidi.

"Na ngozi nyeusi ina rangi hiyo hiyo," alisema, "kwa hiyo mashine lazima ipangwe kwa uangalifu, la sivyo mwanga utashika ngozi."

Yote hayo aliyajua. Ila siku ile alikuwa na haraka. Hakujaribu kwanza sehemu ndogo nyuma ya taya, wala hakubadili kiwango alichomwekea mteja aliyetangulia, mwenye ngozi nyeupe pee. Jioni taya la Kitinda lilijaa malengelenge, na yalipokauka yakaacha mabaka meusi.

"Ulikaa juani," Fundi alimwambia. "Nilikukataza."

"Nilianika nguo tu, dada."

"Si ndilo jua lenyewe hilo?"

Kitinda aliinamisha kichwa. "Basi nisamehe, dada. Nimekuharibia kazi yako."

Fundi aliipokea samahani ile. Kitinda alijifungia chumbani, harusi ikasogezwa mbele, na Fundi akaendelea na kazi.

Siku ya pili ya harufu, mteja alishtuka kitini. "Mbona umenipiga bila kuniambia?"

Fundi alikuwa mbali na mashine, anavaa glovu. Akaangalia chini. Kikanyagio cha kupigia mwanga kilikuwa kimebonyea chenyewe, na kutoka chini ya kiti sauti nyembamba, ya Kitinda kabisa, ilinong'ona: "Nisamehe, dada."

Mchana, akinawa mikono, aliona kitu katikati ya kiganja cha kulia. Unywele. Pale pasipoota unywele kwa binadamu yeyote, na tena mweupe, mrefu kama kucha. Akaung'oa, ukaota mwingine akiutazama, akaukata, ukarudi mnene zaidi, akajifungia chumba cha mashine akaelekeza leza kwenye kiganja chake mwenyewe akijua fika kwamba unywele mweupe hauna rangi ya kushikwa na mwanga, akapiga, akapiga tena, akaongeza kiwango akapiga mpaka ngozi ikatoa moshi na machozi yakamtoka, na unywele ule ukabaki umesimama mzima huku sauti ikirudia sikioni, taratibu, kwa adabu, nisamehe dada, nisamehe dada, nisamehe.

Dada wa mapokezi, alipokiona kiganja, alimpeleka kwa mganga mmoja, mama mtu mzima aliyepokea watu sebuleni kwake. Mganga aliushika mkono, akaunusa.

"Jini huyu hakutumwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Alikusikia ukiombwa radhi usiyostahili, akaingia. Anaila hiyo samahani."

"Nimpe nini atoke?"

"Mnyime chakula. Mwambie aliyekuomba radhi ukweli."

"Atanichukia, mama."

"Huenda. Hilo mimi sina dawa yake."

Alasiri ile ile Fundi aligonga mlango wa Kitinda. Alimkuta amejifunika mtandio mpaka puani. Fundi alipofungua mdomo, unywele wa kiganjani ulivutwa kwa ndani kama uzi unaokunjwa, maumivu yakapanda hadi begani, na harufu ikajaa chumba kizima.

"Jua halikuwa na kosa," alisema. "Wewe pia hukukosa. Sikupanga mashine. Sikukujaribu. Nikakusingizia."

Kitu kilipumua kwa nguvu katikati yao. Mlango ukabamiza ukuta, mtandio ukapeperuka, unywele ukadondoka sakafuni ukaungua wenyewe bila moto. Halafu kimya. Hewa ikawa safi.

Kitinda hakuangalia sakafu.

"Wiki tatu nzima," alisema, "nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi."

"Mdogo wangu..."

"Toka, dada."

Jini hakurudi tena. Daktari wa ngozi aliyatibu mabaka, mengi yakafifia, machache yakagoma. Miezi saba baadaye harusi ikafungwa. Mwaliko wa Fundi aliuleta mama yao. Bibi harusi alikuwa amekataa poda tayani.

Shangazi wa bwana harusi alimwinamia. "Mwanangu, hapa ulipatwa na nini?"

Kitinda alinyoosha kidole kuelekea viti vya nyuma. "Muulizeni dada yangu yule. Atawaambia."

Fundi akasimama, akawaambia. Wakaja wengine, akawaambia nao. Mpaka watu wanatawanyika alikuwa amesimulia mara tisa, na kila mara Kitinda aliacha mazungumzo yake, akageuka, akasikiliza hadi neno la mwisho.