Mdogo Wangu Ndiye Alikuwa Pua Yangu

"Ptuuu!!"

Meneja wa hoteli alikitema kinywaji changu kwenye zulia langu jipya! Mbele ya katibu wake! Mbele ya mama yangu mzazi!

"Umeniwekea nini humu, wewe mwanamke? Vitunguu vilivyooza?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Jamani, hakuwa anatania. Macho yalimtoka, anatafuta maji. Katibu wake kajiziba pua kwa mtandio.

Nikaichukua ile glasi, nikainusa...

Sikusikia kitu.

Sasa nisikilizeni, maana siri hii nimechoka kuibeba.

Miaka mitatu iliyopita niliugua homa, wiki mbili nzima kitandani. Nilipona, lakini pua haikurudi. Manukato, jasho, chakula kikiungua, gesi ikivuja, kwangu vyote ni hewa tu. Ulimi umebaki na sukari, chumvi, uchachu na ukali wa pilipili. Basi.

Na mtu wa namna hiyo anafanya kazi gani? Anatengeneza kokteli nyumbani! Tena za viungo vya Kihindi! Chekeni tu, hata mimi nilikuwa nacheka.

Mdalasini na karafuu nachemsha kwenye shira. Iliki natwanga. Bizari nyembamba nakaanga kavu, ukwaju naloweka, halafu vodka, ndimu na barafu. Watu wakawa wananiita Malkia wa Viungo. Picha zangu mmezipenda sana humu, msijifanye hamnijui.

Lakini wa kunusa alikuwa mdogo wangu. Ni kitinda mimba wetu, sote tunamwita Kitinda. Nilikuwa nakaa naye, na ni yeye peke yake aliyejua siri yangu.

"Dada, bizari inaanza kuungua, epua."

"Dada, iliki hii imekwisha harufu, tupa."

"Dada, umefunga gesi?"

Hilo la gesi lilikuwa la kila asubuhi. Namjibu kwa kejeli, "Nimefunga, afande."

Basi, hoteli moja kubwa ikanitafuta. Wanataka mtu wa kusimamia vinywaji vyao vyote. Meneja akasema atakuja nyumbani mwenyewe kuonja, Jumamosi saa nane mchana. Akiridhika, kazi ni yangu, ajira ya kudumu. Miaka mitatu nachanganya vinywaji juu ya meza ya kupigia pasi! Nililia kama mtoto.

Nikachagua kinywaji changu cha ukwaju na bizari. Mwisho kabisa kinatiwa mvuje. Mvuje mnaujua, ukizidi harufu yake inakimbiza watu, lakini ukiwa kidogo tu unaamsha kinywaji kizima. Mimi nauloweka, naweka maji yake kwenye kichupa. Natia matone mawili, Kitinda ananusa, anasema tosha.

Siku hiyo nikatia mawili.

"Bado, dada. Ongeza."

Nikaongeza.

"Haujasikika. Mvuje huu umekaa sana, umeisha nguvu. Ongeza tena."

"Una uhakika?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Kweli, hajawahi. Nikatia, nikatia, mpaka kichupa kikafika nusu! Paka wetu akaruka dirishani akatoka mbio. Nikasema huyu kaona panya.

Mengine mmeshayajua. Meneja katema, mimi nimeganda na glasi mkononi, na ndoto yangu imelowa kwenye zulia.

Mara Kitinda akatoka jikoni na jagi lingine.

"Samahani sana, bosi. Naomba uonje hili."

Safari hii meneja alinusa kwanza. Akaonja. Akaonja tena... Akafumba macho.

"Hiki kachanganya nani?"

Nikafungua mdomo niseme ni mimi.

"Mimi," akasema Kitinda.

"Jumatatu saa mbili asubuhi uje hotelini."

Weee! Mlango ulipofungwa tu nilimzaba kofi mpaka mama akaruka katikati yetu.

"Nyoka wewe! Nimekulisha, nimekulaza kwangu, leo unanimaliza kwa kichupa cha mvuje?!"

Hakulia. Alishika shavu lake, akanitazama.

"Jumanne meneja alipokupigia simu, alikuuliza kama una msaidizi. Ulimjibuje?"

Nikajifanya napangusa zulia.

"Jibu, dada. Mama yupo hapa, asikie."

"Sikumbuki..."

"Mimi nakumbuka. Ulicheka, ukasema, 'Hapana bosi, kuna kibinti tu cha kuosha glasi.' Nilikuwa nyuma yako, nimeshika ungo wa iliki. Nilikuwa nakunusia iliki, dada!"

"Sasa si ungeniambia? Mimi ni dada yako!"

"Nilisubiri uniambie wewe. Jumatano nikasubiri. Alhamisi. Ijumaa. Useme tu, 'Kitinda, tukipata tunaenda wote.' Hukusema. Nikasema haya, mwosha glasi atajuaje habari za kunusa?"

Nikakaa palepale kwenye zulia bichi.

Mama akanigeukia. "Kukunusia? Wewe pua ina nini?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kichupa.

Kitinda alihama jioni ileile. Leo ni mwezi wa tano tangu aondoke. Nilijaribu kuendelea peke yangu, nikaunguza bizari bila kujua, nikawapelekea wateja. Waliyoniandikia humu mliyasoma, na wengine mliongeza ya kwenu. Malkia wa Viungo hayupo tena. Kitinda naona picha zake, kavaa aproni nyeusi, kasimama nyuma ya kaunta ambayo ingekuwa yangu.

Sijamsamehe, nisiwadanganye. Angeweza kunisema, kunitukana, hata kuniondokea. Kunivua nguo mbele ya wageni, hapana! Lakini usiku na mchana lile neno langu la kwenye simu linanirudia, na kila likirudi naona ni mimi niliyeanza.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu kashika kazi yako kwa chini, mtaje. Mtaje akiwepo, na akiwa hayupo mtaje zaidi. Huwezi kujua nani kasimama nyuma yako na ungo.

Hatusalimiani, hatuulizani hali. Ila kila siku saa kumi na mbili asubuhi simu yangu inalia mara moja, ujumbe wa Kitinda, maneno matatu.

"Dada, umefunga gesi?"

Juzi niliamka na kichwa kinauma. Ujumbe ukaingia, nikajikokota mpaka jikoni.

Gesi ilikuwa wazi tangu jana yake.

Nikaifunga, nikafungua madirisha yote, nikakaa nje kwenye ngazi nikilia peke yangu. Niliandika "nisamehe", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.

Mwisho nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote.

"Nimefunga."