Diski ya Nne

Kitu cha mwisho cha kawaida kutokea siku ile kilikuwa chai. Rabia aliimwaga mezani, karibu kabisa na kibodi, akaifuta kwa pindo la mtandio wake, kisha akasema kosa ni la meza, imeinama.

"Meza hiyo ina miaka tisa hapa haijainama," Polycarp alisema.

"Basi ilikuwa inanisubiri mimi, kaka Poli. Haitupendi watu tuliokulia kwenye mashamba ya miwa."

Polycarp alikaribia kucheka. Umeme ukakatika.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mpunga, pale Ifakara. Mradi wenyewe ulikuwa mdogo, wa utafiti wa malaria. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali, na majibu yao, pamoja na sauti zilizorekodiwa, yakahifadhiwa kwenye seva moja yenye nafasi nne za diski. Nafasi tatu zilikuwa na diski. Ya nne haikuwa na kitu.

Umeme uliporudi, saa nane na robo mchana, Polycarp alikaa kusoma kumbukumbu za mfumo, ile mistari ambayo mashine hujiandikia yenyewe inapoamka. Kila diski inayoitika hupewa herufi kwa kufuata zamu: iliyowahi inakuwa a, inayofuata b. Kesho yake iliyochelewa ikiwahi, inachukua a. Herufi ile si jina, ni nafasi kwenye foleni. Kwa hiyo Polycarp alikuwa ameandika kanuni kwamba mashine iisome namba ya kiwandani ya kila diski, ambayo haibadiliki, kisha iandike kila mstari kwa jina alilochagua yeye, jina la kijiji ambacho data zake zimo humo.

Namawala, tayari. Lupiro, tayari. Chita, tayari. Chini yake kulikuwa na mstari wa nne usio na jina, namba tu.

Aliisoma namba ile mara mbili. Hakuhitaji kuitafuta kwenye daftari. Diski yenye namba hiyo alikuwa ameiweka kwa mkono wake ndani ya jeneza la mkewe, miezi minane iliyopita.

Bibiana alikuwa mdodosaji wa mradi huohuo. Alipofariki kwa ugonjwa wa figo, shangazi yake alikuja kutoka Mahenge, akasema marehemu azikwe na kitu alichokishika kila siku, asije akapata sababu ya kurudi kukichukua. Wakaweka rozari yake na diski yake ya kazi, yenye sauti yake ya miaka sita. Usiku wa kuamkia mazishi, Polycarp alitoka msibani akaja ofisini kuzinakili sauti zile. Umeme ulikatika katikati ya kazi, ukarudi, na yeye akaendelea kwa kuzifuata herufi zilezile za mwanzo. Herufi zilikuwa zimebadilishana. Aliichukua diski tupu akainakili juu ya diski ya Bibiana, na hakuna sauti iliyobaki. Asubuhi akazika diski isiyo na kitu. Hakumwambia mtu yeyote. Ile kanuni ya majina aliiandika wiki iliyofuata.

Sasa diski ile ilikuwa imeitika, na ndani yake kulikuwa na faili moja ya sauti, yenye tarehe ya jana.

Alivaa vipokea sauti.

"Hodi wenyewe," Bibiana alisema. Ilikuwa sauti yake, na ile mikwaruzo yake ya asubuhi. "Jana usiku, ndani ya nyumba hii, walilala watu wangapi?"

Kisha mwanamume akajibu, taratibu, "Mmoja." Sauti ile ilikuwa ya Polycarp.

Chumba kilinuka matope ya jaruba la mpunga, na chini ya matope, harufu kali ya chandarua kipya kilichotoka tu kwenye mfuko.

Kesho yake umeme ulikatika saa ileile, ukarudi saa ileile, na faili ikawa mpya. Swali halikubadilika, wala jibu. Siku ya tatu, baada ya swali, kulikuwa na kimya kirefu ambamo aliweza kusikia pumzi, akazisikiliza mpaka akabaini kwamba ni pumzi za watu wawili zisizokwenda pamoja, ndipo sauti yake mwenyewe ikasema, "Wawili." Alirudi nyumbani, mtaa wa Viwanja Sitini, kabla ya saa ya kutoka kazini. Kitanda alikuwa amekitandika asubuhi. Upande wa ukutani, ambao hakuwa ameulalia tangu msiba, godoro lilikuwa limebonyea, na pindo la chandarua la upande ule lilikuwa limechomekwa chini ya godoro kwa mikunjo midogomidogo iliyolingana, jinsi alivyokuwa akichomeka Bibiana.

Alisimama pale muda mrefu. Alichoona aibu kukiri ni kwamba hakuogopa kama ilivyopasa.

Rabia ndiye aliyeogopa. Siku ya nne alimkuta Polycarp akisikiliza, akachukua upande mmoja wa vipokea sauti bila kuomba. Alisikia maneno mawili tu akavirudisha mezani.

"Huyo si dada Bibiana?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Angalia nafasi ya nne."

Aliinama na tochi ya simu. "Hapa hamna kitu, kaka. Naona vumbi."

"Sasa soma hapa kwenye kioo."

Alisoma. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango. "Kwetu tungeita watu wa kusoma dua. Lakini hiki kimetoka kwenye kaburi la kwenu. Atafutwe mtu wa kwenu akitazame."

Jumamosi walivuka daraja kwa bodaboda mpaka Lupiro, kwa Mzee Silvano, fundi baiskeli. Watu walimjua zaidi kwa kazi yake nyingine, ya uganga, lakini hiyo hakuifanya bila kushughulisha mikono. Alikuwa ameizamisha tyubu kwenye beseni la maji akitafuta mapovu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaeni. Hicho kiti ni kibovu, mwache binti akalie ndoo."

Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kinasema ni nani?"

"Hakisemi," Polycarp alijibu. "Kinatoa namba, na namba ni sahihi."

"Nani anaitaja?"

"Diski yenyewe. Mashine inauliza, diski inajibu."

"Kwa hiyo ni kauli yake mwenyewe." Silvano alikausha tyubu kwa kanga kuukuu. "Mtu akigonga mlangoni akasema yeye ni shemeji yako, unafungua kwa sababu amesema?"

Miaka kumi na miwili ya kazi, na hata siku moja Polycarp hakuwahi kulitazama jambo hilo hivyo.

"Muulize neno ambalo mkeo angelijibu tofauti na watu wote. Ikiwa si yeye, izibe nafasi hiyo mbele ya shahidi, umwambie humjui. Ila usimpe jina. Jini asiye na jina ni mpita njia. Ukimpa jina umempa kiti, na mimi sina dawa ya kumnyanyua mtu kwenye kiti alichopewa na mwenye nyumba."

"Na nikimwacha tu, bila kufanya lolote?"

"Tyubu yenye pancha haiponi kwa kujazwa upepo, mwanangu."

Jumatatu, kabla ya saa nane, Polycarp alisimama mbele ya seva. Rabia alibaki mlangoni.

"Tuna watoto wangapi?" aliuliza, kwa sauti ya chini kama anayemwamsha mgonjwa.

Swali hilo lilikuwamo kwenye dodoso pia. Miaka ya nyuma walipata mtoto wa kike aliyeishi siku mbili. Walipoulizwa na watu, Polycarp alisema hawana. Bibiana alisema mmoja, kila mara, hata kwa wageni, hata pale jibu hilo lilipoleta maswali mengine ambayo yalimliza usiku.

Umeme ukakatika, na katika giza la chumba kile kisicho na dirisha harufu ya matope ilipanda ikawa nzito kama mtu aliyetoka shambani kusimama karibu yako akingoja umpishe, feni za mashine zikapunguza mlio wake moja baada ya nyingine mpaka kikabaki kitu kingine kilichokuwa kikilia chini yake muda wote, pumzi ya taratibu kutoka upande wa nafasi ya nne, na Rabia akasema "Kaka Poli, toka" lakini yeye hakutoka, alihesabu pumzi zile hadi taa zilipowaka na mistari ikaanza kuteremka kwenye kioo.

Faili ilikuwa mpya. Aliisikiliza peke yake.

"Hatukujaliwa, mume wangu," sauti ya Bibiana ilisema. "Tuko wawili tu."

Alivua vipokea sauti, akaviweka juu ya meza.

"Si yeye," alimwambia Rabia.

"Alhamdulillahi. Tuizibe basi."

"Kesho. Nitaleta kifuniko na bisibisi. Saa mbili, uwepo."

"Mbona si sasa hivi?"

"Kesho, Rabia."

Jioni ile alipika wali, akala nusu yake. Hakuwasha redio. Alisikia pindo la chandarua likichomekwa upande wa ukutani, mkunjo baada ya mkunjo, kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Alijua si Bibiana, kama alivyojua namba za diski zake zote. Akalala ubavu, akaacha nafasi.

Asubuhi yake alifika ofisini saa kumi na mbili na nusu, saa moja na nusu kabla ya Rabia. Hakuwa na kifuniko wala bisibisi. Alifungua faili ya kanuni, akaandika mstari wa nne, akailinganisha namba tarakimu kwa tarakimu, mara mbili, na mbele yake akaandika Bibiana. Akahifadhi. Kisha akaizima mashine, akaiwasha, akavuta kiti, akakaa kusubiri.