Tope Limekula Kiatu cha Tumpe

Tumpe amekasirika. Amekunja uso, amekunja mikono, na mguu mmoja hauna kiatu.

Kiatu kimeliwa na tope. Si utani! Tope la bondeni lilisema mlup, na kiatu kikaenda.

Tena si kiatu tu. Mama yuko ng'ambo ya bonde, kwenye zahanati. Amejifungua mtoto, na Tumpe hajaiona hata pua ya mtoto huyo.

Jana Baba na Tumpe walikwenda kuwachukua. Walikwenda na Chura.

Chura huyu haruki. Ni gari la Baba, la kijani, kuukuu, lenye taa mbili za duara kama macho.

Walipofika bondeni, tope likamkamata Chura. Mlup! Gurudumu la mbele. Mlup! Gurudumu la nyuma.

Majirani wakaja kusukuma. Wakamsukuma Chura nyuma, nyuma, nyuma, mpaka akatoka. Basi wakarudi nyumbani bila Mama, bila mtoto, bila kiatu.

"Si haki!" alisema Tumpe. "Si haki hata kidogo!"

Na mimi ninayesimulia nasema hivyo hivyo. Tope lina bonde zima! Kiatu cha mtoto cha nini?

Asubuhi Baba alisema, "Twende kwa mjomba wako. Chura anahitaji winchi."

"Winchi ni nini?" aliuliza Tumpe.

"Ni mashine ya kuvuta. Inafungwa mbele ya gari. Ina kamba ndefu. Kamba unaifunga kwenye mti, winchi inazunguka, na gari linajivuta lenyewe."

"Haya, twende," alisema Tumpe. Akavaa kandambili za Mama. Pwa, pwa, pwa.

Mjomba Ambokile ni fundi magari. Gereji yake iko juu, kando ya soko la viazi.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Tumpe, mdomo umebetuka.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuudhi?"

"Tope."

"Lile la bondeni? Lile halina adabu kabisa!" alisema Mjomba. Siku hiyo Tumpe alimpenda Mjomba sana.

Mezani palikuwa na winchi ndogo nyekundu. Ilikuwa inang'aa.

"Nzuri hii!" alisema Baba.

"Nzuri kwa macho," alisema Mjomba. "Haimwezi Chura. Itavuta, itavuta, itaungua."

Chini palikuwa na winchi nyeusi. Kubwa! Tumpe akaikumbatia. "Hii hapa! Tope litakoma!"

"Hiyo ni ya lori," alisema Mjomba. "Ni nzito, Chura atainamisha pua. Tena inakula umeme mwingi, na betri ya Chura ni ndogo."

Mjomba akaenda nyuma. Akarudi na winchi nyingine, ya kijivu. "Hii ndiyo yenu. Ina nguvu ya kuvuta Chura mmoja na nusu."

Tumpe akafikiri. "Chura ni mmoja tu. Hiyo nusu ya nani?"

"Ya tope," alisema Mjomba. "Ukivuta huku, nalo linavuta kule. Lazima tulihesabu."

"Tope lipewe nusu?" Tumpe akaruka juu. "Limekula kiatu changu, halafu lipewe nusu? Si haki! Si haki hata kidogo!"

Mjomba akacheka mpaka spana ikamdondoka.

Akaifunga winchi mbele ya Chura. Akavuta waya mbili kutoka kwenye betri, nyekundu na nyeusi, nene kama vidole gumba vya Baba.

"Sasa sikiliza, shemeji," Mjomba alimwambia Baba. "Winchi inakula umeme wa betri. Injini ndiyo inailisha betri. Injini ikinguruma, betri inashiba. Ukiizima, betri ina njaa."

"Nimesikia, nimesikia," alisema Baba. Alikuwa anatazama mawingu.

Tumpe ndiye aliyesikia.

Wakashuka bondeni. Mvua ikaanza. Taa za Chura zikawaka, nyeupe, nyeupe, kama macho yaliyolala vizuri.

Mlup! Gurudumu la mbele. Mlup! Gurudumu la nyuma.

"Leo utatutambua!" Baba aliliambia tope. Akavaa glavu. Akazungusha mkanda mpana kwenye mti, ili mti usichubuke, akafunga kamba hapo. Akalaza gunia zito juu ya kamba, isije ikaruka ikikatika.

"Tumpe, simama mbali. Kule juu, kwenye shamba la chai."

"Mbali hivyo? Si haki!"

"Mbali hivyo. Kamba inapovuta, watoto hawakai karibu."

Tumpe akapanda, amenuna. Pwa, pwa, pwa.

Halafu Baba akafanya nini? Akazima injini!

Baba huzima injini kila anaposimama. Huizima sokoni. Huizima akisalimiana na watu. "Mafuta ghali," husema.

Akabonyeza kitufe cha winchi. Ngurrrr! Kamba ikanyooka, Chura akasogea kidogo.

Ngurr.

Ngur.

Ngu.

Kimya. Tope likasema mlup.

"Winchi gani hii?" Baba akafoka. "Mbovu! Namrudishia Ambokile leo hii hii!"

Lakini Tumpe, kule juu, aliona jambo. Macho ya Chura yalikuwa meupe. Sasa yamekuwa ya njano. Sasa yanasinzia.

Tumpe alikasirika kuliko jana. Alikasirika mpaka masikio yakapata moto.

"Baba! Samahani, Baba, lakini unaisingizia!"

"Nini?"

"Unaisingizia winchi! Haina ubovu, ina njaa! Umezima injini! Si haki! Si haki hata kidogo!"

Baba akaitazama winchi. Akautazama ufunguo. Akajikuna kichwa kwa glavu yenye tope.

"Kweli, mama," alisema. "Kosa ni langu." Akaipapasa winchi. "Na wewe, nisamehe."

Akaingia garini, akazungusha ufunguo.

Che... che... che...

"Waka, Chura!" Tumpe aliita.

Che... che...

"Waka! Mama anatungoja!"

Che... BRUMMM!

Chura akanguruma. Baba akangoja betri ipate kula, ishibe. Tumpe naye akangoja, roho juu. Macho ya njano yakawa meupe tena.

Baba akabonyeza kitufe. Ngurrrrrrr!

Vuta, Chura! Vuta, na nusu ya tope!

Mlup! Gurudumu la mbele likatoka. Mlup! Gurudumu la nyuma likatoka. Mlup! Na kitu kidogo cha bluu kikatoka.

"Hicho changu!" Tumpe akapiga kelele. Lakini hakusogea. Alingoja mpaka kamba ikalegea na Baba akasema, "Haya, njoo sasa." Ndipo akashuka mbio kuchukua kiatu chake.

Mama alikuwa mlangoni pa zahanati, na kifurushi cha kanga kifuani.

"Jamani, tangu jana natazama njia," alisema Mama.

"Si sisi, Mama! Ni tope!" alisema Tumpe. Halafu hasira yote ikayeyuka, akalia kidogo kwenye gauni la Mama. Halafu akaiona pua ya mtoto. Ilikuwa ndogo sana.

Wakati wa kurudi, tope lilijaribu tena. Baba hakuzima injini. Ngurrrr, wakapita.

Jioni, nyumbani, mtoto akaanza kulia. Nga! Nga! Nga!

Baba akambeba. Baba akamwimbia. Nga! Nga! Nga!

"Mtoto gani huyu?" alisema Baba. "Mkorofi!"

Tumpe akaketi wima kwenye kitanda cha Mama. "Baba! Unamsingizia! Ana njaa!"

Mama akacheka, akamchukua mtoto, akamnyonyesha. Nyonya, nyonya, nyonya. Mtoto akanyamaza.

Tumpe akampa kidole. Mtoto akakishika, akakataa kukiachia.

"Basi leo lala hapa hapa na sisi," alisema Mama. "Lakini blanketi ni moja. Nusu yako, nusu ya mtoto."

Tumpe akafikiri. Akamtazama mtoto. Akalitazama blanketi.

"Haya," alisema. "Huyu apewe nusu. Hiyo ni haki."

Akafumba macho, kidole bado kimeshikwa. Mbali, bondeni, tope likasema mlup.

Hakuna aliyelijibu.